Probox Iliyoshushwa

Hapa Kanyakine kila mwenye Probox huiinua. Ataongeza springi nyuma, atie na vipande vya chuma juu ya springi, mpaka gari lisimame matako juu, ndipo aseme sasa limekuwa gari. Mimi langu nililishusha. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akibebea miraa, likiwa juu kiasi kwamba mbwa alipita chini yake bila kuinama, nami nikalipeleka kwa fundi likashushwa mpaka likaikaribia ardhi. Vijana wa steji walicheka wakashika mbavu. Walisema mzee Mithika anaanza ujana wakati wenzake wanatafuta mkongojo. Mtu akishaamua kucheka, ukimweleza unamwongezea kicheko.

Nililishusha kwa ajili ya mke wangu, Karwirwa. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, mkono na mguu vikalala, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kiti hicho na kiti cha gari havikulingana. Kila tulipokwenda hospitali ilinibidi kumwinua, naye alichukia kuinuliwa, na alichukia zaidi kuinuliwa mbele ya watu. Gari liliposhuka, viti vikawa sawa. Nilitia ubao laini katikati, akawa anateleza mwenyewe kwa mkono wake mzima, mimi nikishika miguu tu. Siku ya kwanza alipofika kwenye kiti cha mbele bila kubebwa, alikaa, akajitengeneza kitambaa kichwani, akaniambia nifunge mlango niache kumkodolea macho.

Alifariki mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zikianza. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Watu walikuja wengi kweli, siwezi kuwasingizia. Mahema yalifungwa, akina mama wa kanisa wakapika, wakaosha sufuria, wakaja tena Jumapili mbili au tatu kuomba na mimi. Kisha kila mtu akarudi kwenye shamba lake. Binti yetu Kendi akarudi kazini Nairobi. Nikabaki na nyumba ambayo nikikohoa chumbani, jikoni hakuna anayeuliza kama nimemeza dawa.

Sijui kupika kidogo. Hilo ndilo limenishinda kuliko mengine. Nikiweka githeri motoni inakuwa ya watu wawili, na siku ya pili naila ile ile, na ya tatu namwagia kuku huku nikiwatukana kama kwamba wao ndio waliopika. Jioni nawasha redio nisikie mtu akizungumza. Wakianza matangazo nazima, maana matangazo hayazungumzi na mtu, yanampigia kelele.

Kwa hiyo naendesha gari. Naenda Nkubu kununua sabuni ambayo ningeipata hapa hapa. Naenda Chogoria nikaone kama mvua imenyesha. Karwirwa alikuwa mwalimu wangu wa barabara, kiti cha mbele, mdomo haukupatwa na kiharusi hata chembe. "Jiwe, Mithika." "Mbuzi, Mithika." "Huyo anataka kupita, mpishe, haraka yako ya nini?" Kwenye kijia cha kuingia kwetu kuna jiwe limetokeza kichwa tu, na hilo hakuwahi kuliacha litupite bila kulitaja. Mwezi wa nane nilikuwa nikitoka sokoni, nikalipita jiwe hilo hakuna aliyelitaja, nikasikia chuma kikilia chini kwa nyuma.

Kuanzia siku hiyo gurudumu la nyuma upande wa kondakta, ule wa kiti cha Karwirwa, likawa linakwaruza madigadi. Kila kona, kila tuta, kwaa. Nilimpelekea fundi wa hapa, Kiunga, kijana mzuri lakini ana jibu moja kwa maswali yote.

"Mzee, dawa ya hii kitu ni moja tu," akasema. "Inua. Hii barabara yetu si ya Nairobi."

"Sikukuuliza urefu. Nimekuuliza gurudumu."

"Gurudumu litapona ukiinua. Springi za kawaida ziko, leo jioni unaenda nyumbani na gari kama ya watu wengine."

Nikamwambia gari la watu wengine liko kwa hao watu wengine. Akacheka, nikaondoka nimenuna.

Kendi naye alipiga simu usiku huo, na mimi kwa upumbavu wangu nikamweleza.

"Baba, si uuze tu hiyo gari? Kwani unaenda wapi nayo?"

"Naenda nayo ninakoenda."

"Baba."

"Nini?"

"Umekula?"

Siku hizi kila mazungumzo na mimi yanaishia kwenye chakula. Nikasema nimekula, tukaagana.

Lakini niseme ukweli, maana hakuna wa kunicheka hapa. Sikukataa kuliinua kwa sababu ya ubishi, ingawa ubishi ninao. Kwa urefu ule Karwirwa aliweza kuingia. Akija leo, angeingia. Najua haji, nilitupa udongo kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini kuna kujua, na kuna kuchukua spana ukaufanya ujuzi huo kuwa kweli, na nikiliinua gari lile nitakuwa mimi ndiye nimemfungia mlango. Basi nikaamua kwenda Karurumo, kwa yule fundi aliyelishusha, Ndwiga.

Watu hudhani kushusha gari ni kukata springi tu. Ekseli ya nyuma ya Probox ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kinachoizuia isiyumbe kando ni chuma kingine kirefu, kinachokingama. Ncha moja imefungwa kwenye bodi upande wa kondakta, ncha ya pili kwenye ekseli upande wa dereva. Gari likiwa juu, chuma hicho hukaa mshazari. Ukilishusha, kinalala, na kikilala kinataka nafasi zaidi, basi kinaisukuma ekseli nzima kando. Gurudumu moja linatokeza nje, jingine linajificha ndani, na ukisimama nyuma ya gari unaona limekaa kama mtu aliyeazima koti la jirani. Wengi huliacha hivyo. Ndwiga hakuliacha. Alikikata chuma kile katikati, akachomelea nati ndefu yenye nyuzi huku na huku, ili ukizungusha kirefuke au kifupike mpaka ekseli irudi katikati.

Nilitoka asubuhi. Nikapita Chuka, nikavuka mto Thuchi, nikaingia Embu nikikwaruza kila kona mpaka Runyenjes, nikateremka Karurumo. Watu walikuwa wakigeuka kuangalia. Mwenye pikipiki mmoja alinifuata akipiga honi na kunionyesha gurudumu kwa kidole, na nilimshukuru kwa mkono, kwa sababu kweli alikuwa mtu wa kwanza kuniambia neno siku hiyo.

Gereji ya Ndwiga ni paa la mabati, sakafu ya saruji iliyonyooka vizuri, na upande mmoja duka la nafaka la ndugu yake. Yeye mwenyewe ni mtu mnene, mtaratibu, anayezungumza na gari kabla ya kuzungumza na mwenye gari. Alilizunguka, akachuchumaa nyuma, akafumba jicho moja. Kimeru changu na Kiembu chake vinaelewana nusu nusu, kwa hiyo sisi huzungumza Kiswahili.

"Mzee wa Meru! Umepotea sana. Habari ya nyumbani?"

"Tuko," nikasema.

Hilo ndilo jibu letu. Mtu mzima hahesabu watu wa nyumba yake mbele ya mwingine, hata wakiwa wazima wote. Anasema tuko, basi, aliyeuliza anatosheka. Tangu matanga nimelisema neno hilo sokoni, kanisani, kwa daktari, na kila aliyelisikia alijua maana yake ni nini siku hizi. Ndwiga hakujua. Habari za msiba wa Kanyakine zingefikaje Karurumo? Alisikia tuko, akafurahi, akaingia chini ya gari.

"Aii, mzee," sauti ikatoka huko chini. "Umegonga nini? Hii chuma imepinda, na mpira za bushi zimekwisha kabisa. Ndio maana ekseli imevutwa upande ya kondakta."

"Jiwe."

"Na mama hakukuambia kuna jiwe?" Akacheka. Alikuwa anamkumbuka vizuri. Siku ile ya kwanza Karwirwa alimwamuru anawe mikono kabla ya kugusa kiti chake.

Nilipaswa kusema wakati huo. Mdomo ulifunguka, nikasema, "Siku hiyo sikuwa naye."

Akakata chuma kipya, akachomelea. Nilikaa kwenye benchi, nikanunuliwa chai. Ilikuwa vizuri kukaa mahali ambapo mtu anafanya kazi kwa ajili yako. Alikuwa akiniuliza mambo ya kahawa, bei, kama kiwanda kimelipa, maana anajua nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa. Mimi nilikuwa nikijibu kwa maneno mengi kuliko alivyouliza. Nilijisikia nikizungumza. Sikuwa nimezungumza hivyo kwa miezi.

Alipomaliza kukifunga alilishusha gari kutoka kwenye jeki, akalisukumasukuma nyuma ili springi zikae. Akafunga timazi mbili, kila upande moja, uzi ukining'inia kutoka madigadi hadi chini ya rimu. Kisha akajifuta mikono, akaangalia huku na huku.

"Sasa mzee, ingia upande yako. Mwite na mama. Leo hukukuja na yeye?"

"Leo hapana."

"Aa. Sasa hiyo ni shida." Akakuna kichwa. "Hii kitu haipimwi gari ikiwa tupu. Inapimwa na mzigo yake ya kila siku. Ukipima tupu, watu wakiingia bodi inashuka, chuma inalala, ekseli inatoka tena katikati. Ile siku tulipima mama akiwa ndani, na wheelchair iko kwa buti. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Alikuwa amekaa hapo kiti cha mbele, akimuuliza Ndwiga kama anampima yeye au gari.

"Kwa kawaida si mko vile vile?" akauliza.

"Tuko vile vile," nikasema.

Sijui shetani gani alinituma. Ndiyo, najua. Yule mtu alikuwa akimtaja Karwirwa kama mtu aliyebaki nyumbani akipanga mboga, na kwa muda ule alikuwa hajafa Karurumo. Huko kwetu amekufa kila mahali, hata kwenye duka la sukari. Nilikuwa nimepata mahali pamoja pa kumweka hai, na sikutaka kupapoteza kwa sababu ya fundi na uzi wake.

"Haidhuru," akasema Ndwiga. "Tutaweka gunia badala yake. Mama ni kilo ngapi siku hizi?"

Miaka yangu yote nimeishi na mizani. Niwekee debe la kahawa mkononi, nitakutajia uzito wake. Lakini swali hilo lilinikwamisha. Kilo za lini? Siku tuliposhusha gari alikuwa mwanamke mzito, mwenye mikono ya mtu aliyelima. Baadaye alianza kupungua, polepole, mpaka akawa hawezi tena kuteleza kwenye ubao, nikarudia kumwinua, na mara hii hakukataa. Hilo la kutokataa ndilo lililonitisha.

"Lete gunia," nikamwambia. "Nitajua mwenyewe."

Akaleta gunia la ndengu kutoka dukani kwa ndugu yake, na gunia jingine tupu. Nikainua lile lililojaa. Zito mno. Tukamimina kidogo kwenye lile jingine, nikajaribu tena. Bado. Tukamimina. Ndwiga alikuwa akinitazama kama mtu anayeona mchezo, akisema, "Mzee, kilo tano huku na huku si kitu, hii si benki." Nikamwambia anyamaze. Nikamimina tena, na tena, kupita uzito wa siku ile tuliyoshusha gari, kupita ule wa Krismasi, nikainua, na mikono yangu ikasema ndiye.

Ndiye kabisa. Alikuwa hivyo wiki ya mwisho, tulipotoka hospitali na daktari akisema tukapumzike nyumbani.

Sikuuliza mtu. Niliingiza mkono mmoja chini ya gunia, mwingine nyuma yake, nikalilaza kifuani. Nikaenda nalo mpaka mlangoni, nikageuka mgongo kwanza ili kichwa kisigonge. Nikaliketisha taratibu. Nikainama nikaingiza miguu, mmoja kisha mwingine, ule wa kushoto ukihitaji kushikwa kisiginoni maana ulikuwa ukianguka nje. Nikavuta mkanda, nikaupitisha, nikaingiza kidole kati ya mkanda na tumbo kuona kama haumbani. Kisha nikafunga mlango kwa mikono miwili, bila kuubamiza.

Nilipogeuka Ndwiga alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

Dukani mtu alikuwa akipepeta ndengu, nasikia zikipiga ungo. Niliona kwamba ameelewa, na niliona kwamba anasubiri niseme mwenyewe, kwa adabu, maana kwao kama kwetu si kazi ya mgeni kukutajia maiti wako.

"Lini, mzee?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Masika."

"Na mimi nasema mwite. Nasema ni kilo ngapi. Woi, mzee. Nisamehe."

"Hukujua. Mimi ndiye niliyesema tuko."

Akasogea akanishika mkono, akaushikilia. Mkono wake ulikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko. Nililia pale, mchana mweupe, kwenye gereji ya watu, mimi niliyesimama kaburini bila kutoa chozi mpaka wakwe zangu wakanisema. Nililia nikitazama lile gunia limefungwa mkanda, likiwa limeinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha.

Ndwiga alinisubiri. Nilipomaliza alisema, "Mzee, mimi naweza kuipima hivi hivi, na gunia. Ukitaka. Nafunga nati, unaenda nyumbani. Itakuwa vile alikuwa anaketi."

Alikuwa akinipa kile nilichofuata, bila kunicheka. Nilikitamani sana. Ningerudi Kanyakine na gari lililonyooka kwa ajili ya watu wawili. Na kila siku ningelipanda peke yangu, bodi ikiwa juu kidogo, ekseli ikiwa kando kidogo, nikijua sababu. Gari lingekuwa kila siku linasema hayupo, kuliko hata kiti chenyewe.

"Urefu uache vile ulivyo," nikasema. "Usiinue."

"Siinui."

"Lakini toa gunia."

"Nitoe?"

"Toa. Na kile kiti cha magurudumu kilicho kwa buti, kitoe pia." Nilikuwa bado nakibeba, kumbe. Alikitoa yeye. Gunia nilitaka kulitoa mimi, lakini mikono ilikataa, basi akalitoa ndugu yake, akalibeba begani kama gunia la ndengu, akalirudisha dukani kwake.

Gari likapanda, kidogo sana, upana wa kidole pengine. Ndwiga akanionyesha uzi wa upande wa kondakta. Kweli, rimu ilikuwa imetokeza kuusogelea.

"Unaona? Sasa ingia upande yako. Keti vile unaketi kawaida, usijishikilie."

Nikaingia, nikashika usukani. Akaingia chini na spana, nikasikia nati ikizunguka, ikisimama, ikizunguka tena. Alitoka akatazama uzi wa huku, akaenda akatazama wa kule, akarudi chini. Mimi nilikaa tu. Kazi yangu ilikuwa kuwa mzito kama nilivyo. Kiti cha kando yangu kilikuwa na vumbi la ndengu, na ile alama ya gunia ilikuwa ikijinyoosha yenyewe polepole. Sikuipangusa.

"Katikati," akasema Ndwiga alipotoka. "Huku na kule sawa sawa."

Akajipangusa, akafungua mlango wa mbele, upande wa kondakta, mguu mmoja tayari ndani. Fundi yeyote hujaribu gari barabarani pamoja na mwenye gari, asikilize kama kuna kelele. Alikuwa pia anataka kunisindikiza kidogo, niliona, mpaka lami, asiniache na hali ile.

Nilimtazama pale, mtu mnene na mwema, na nilitaka aingie kuliko ninavyoweza kusema.

"Usiingie," nikamwambia. "Utaharibu kipimo."